Chupa tupu ya maji inapataje bei? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbalimbali: anayeokota, anayenunua kwa mizani mtaani, mwenye duka anayetaka kujua afanye nini na mzigo uliojaa stoo, na mwananchi anayeshangaa kuona kitu alichokitupa jana kimefungwa kwenye kiroba na kinauzwa leo. Majibu yamejikita kwenye aina moja tu ya plastiki, kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwetu kila siku.

Ni plastiki gani hasa?

Ile nyepesi, ngumu kiasi, inayong'aa: chupa za maji, soda na juisi, ambazo Dar es Salaam wengi huziita makopo. Geuza kitako utaona pembetatu ya mishale yenye namba 1 na mara nyingi herufi PET. Namba hizo zilianzishwa mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani ili wachambuaji watambue aina. Namba 2 utaikuta kwenye madumu ya mafuta na chupa za sabuni, namba 5 kwenye ndoo na vizibo vingi. Watu wengi hudhani pembetatu ni ahadi kwamba kitu hicho kitarejelezwa. Si ahadi, inataja aina tu.

PET ilianzia wapi?

Malighafi yake hutokana na mafuta ghafi na gesi. Wanakemia wawili Waingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliipatia hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1941 wakiwa wanatafuta uzi wa kutengenezea nguo, na nguo za poliesta tunazovaa leo ni PET ileile. Chupa ilikuja baadaye sana. Mhandisi Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont alipata hataza yake mwaka 1973, baada ya kuhangaika kupata plastiki isiyopasuka kwa gesi ya soda. Uhusiano huu wa chupa na uzi utauona tena mbele, maana ndio unaobeba sehemu kubwa ya biashara.

Kama ni taka, kwa nini mtu atoe pesa kuinunua?

Kwa sababu kuna kiwanda mahali fulani kinachohitaji PET, na kinaweza ama kununua mpya iliyotoka kwenye mafuta, ama kuyeyusha iliyokwisha kutumika. Ikiwa iliyotumika inakifikia kwa bei nafuu na ubora unaokubalika, kitainunua. Hapo ndipo bei inapozaliwa, kisha inashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtu anayeinama mtaroni.

Lakini angalia vizuri. Chupa moja iliyolala kwenye mtaro wa Jangwani haina bei yoyote. Hakuna atakayeifuata. Ni moja, ni nyepesi, ina tope, na iko mbali na mashine. Chupa hiyohiyo ikiwa ndani ya robota lililobanwa pamoja na maelfu ya wenzake, zote za rangi moja, safi, zikiwa kwenye yadi inayofikika kwa lori, ni malighafi ya kiwandani. Plastiki yenyewe haijabadilika hata kidogo kati ya mtaro na robota. Kilichoongezeka ni kazi ya watu: kuokota, kubeba, kutenga, kuondoa uchafu, kubana, kusafirisha. Mtu akikuambia taka ni mali, muulize ni nani aliyeifanya iwe mali na alilipwa ngapi. Nadhani hilo ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu.

Ni akina nani wanaoipitisha, na kila mmoja anaongeza nini?

Wa kwanza ni mwokota makopo. Anaamka kabla gari la taka la manispaa halijapita, anajua mitaa yenye sherehe za Jumamosi, viwanja vya mpira, stendi za mabasi, fukwe siku ya sikukuu. Wengine wanafanya kazi dampo, Pugu Kinyamwezi kwa Dar es Salaam au Dandora kwa Nairobi, ambako taka zimekuwa zikimwagwa tangu miaka ya 1970. Anachoongeza ni kitu ambacho hakuna mashine inayokifanya kwa gharama yake: kuiona chupa moja katikati ya lundo, kujua ni ya aina gani kwa kuigusa, na kuitoa.

Wa pili ni mnunuzi wa mtaani, mwenye kibanda, mizani ya kuning'iniza na viroba. Watu humlaumu kwamba anapunja, na wengine wanapunja kweli. Hata hivyo anatoa huduma ambayo mwokota hawezi kuikosa: analipa taslimu palepale, hata kwa kilo tatu. Kiwanda hakinunui kilo tatu. Mara nyingi pia ndiye anayemkopesha mwokota pesa ya chakula au ya dawa, na deni hilo humfunga asiende kuuza kwingine hata bei ya huko ikiwa nzuri. Hapa ndipo sehemu kubwa ya thamani inapompotea aliyeokota. Na udanganyifu uko pande zote. Mnunuzi huchezea mizani, muuzaji huacha maji na mchanga ndani ya chupa ili uzito upande, kisha mnunuzi hukata kilo kadhaa kwenye kila kiroba kufidia maji hayo, hata kwa aliyeleta mzigo mkavu.

Wa tatu ni mwenye yadi. Ana mtaji, ana eneo, na pengine ana mashine ya kubana. Wanaofanya kazi kwake, wengi wao kina mama, hukaa siku nzima wakitenga rangi, kutoa lebo na kufungua vizibo. Baada yake yupo msafirishaji, halafu msagaji, halafu kiwanda cha mwisho ambacho kinaweza kuwa hapahapa au ng'ambo ya bahari.

Kubana kuna umuhimu gani?

Mkubwa mno. Chupa zisizobanwa ni hewa tupu. Lori linaloweza kubeba tani kumi litajaa pomoni likiwa na tani moja hivi ya chupa zilizovimba, na dizeli italipwa ileile. Zikibanwa kuwa marobota, uzito huo unaongezeka mara nyingi kwa nafasi ileile. Ndiyo maana chupa za Dar es Salaam zina soko na za kijiji kilicho kilomita mia sita hazina. Hata mtu asiye na mashine anaweza kuzikanyaga chupa kabla ya kuzifunga kwenye kiroba, mradi amwulize mnunuzi wake kwanza, maana wapo wanaotaka kuona ndani.

Kilo moja ni chupa ngapi?

Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa kati ya gramu 10 na 20. Kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Za soda huwa nzito kidogo kwa sababu lazima zihimili gesi. Viwanda vimekuwa vikipunguza uzito wa chupa miaka nenda rudi ili kuokoa malighafi, jambo ambalo ni zuri kwa mazingira ila linamwongezea mwokota idadi ya kuinama kwa kila kilo.

Kwa nini chupa za kijani na za rangi hununuliwa kwa bei ya chini?

Rangi haitoki. Chupa nyeupe angavu inaweza kugeuzwa kuwa chochote: uzi wa rangi yoyote, karatasi ya plastiki, hata chupa tena. Ya kijani itabaki kijani au itaishia kwenye kitu cheusi. Mwaka 2022 Coca-Cola ilitangaza kwamba Sprite huko Amerika Kaskazini itaacha chupa ya kijani iliyotumika kwa miongo mingi na kuingia kwenye chupa angavu, sababu ikiwa ni hiyohiyo ya urejelezaji. Uamuzi mmoja wa mbunifu ofisini umebadilisha bei ya kilo kwenye yadi. Laiti wabunifu wengi zaidi wangekaa siku moja na kina mama wanaotenga.

Vizibo na lebo vinaharibu mzigo?

Vizibo haviharibu sana, kwa sababu asili yenyewe imetoa njia ya kuvitenga. PET ni nzito kuliko maji na huzama, ilhali vizibo vingi ni vyepesi kuliko maji na huelea. Kiwandani chupa zikishasagwa kuwa chenga humwagwa kwenye tangi la maji, za juu zikaenguliwa na za chini zikakusanywa.

Hatari ni PVC, plastiki namba 3, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya lebo za kujibana na kwenye mabomba. Nayo huzama. PET huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 250 hadi 260 za Selisiasi, na kwenye joto hilo PVC huungua na kutoa tindikali inayoidhoofisha PET iliyoizunguka. Vipande vichache vinatosha kuharibu shehena. Mnunuzi anayekataa mzigo kwa sababu ya lebo hizo hakuonei.

Baada ya kusagwa inakuwaje?

Chenga huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda ili gundi na mafuta viachie, husuuzwa, hukaushwa sana (unyevu kidogo tu wakati wa kuyeyusha huikata minyororo ya molekuli za PET na kuilegeza), kisha huyeyushwa na kutengenezwa punje. Nyingi huwa nyuzi za poliesta: pamba za kujazia mito na magodoro, vitambaa, mazulia. Nyingine huwa mikanda ya kufungia mizigo na vikasha vya mayai au matunda.

Njia ya thamani kubwa zaidi ni chupa kurudi kuwa chupa, na ndiyo inayotaka usafi mkubwa zaidi, kwani plastiki itagusa tena kinywaji. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia mwaka 2025 chupa za PET za vinywaji ziwe na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa, na asilimia 30 kwa chupa zote za plastiki za vinywaji kuanzia 2030. Agizo kama hilo linajenga soko lisilotegemea huruma ya mtu, kwa kuwa kiwanda hakina hiari.

Kwa nini bei ya kilo huanguka ghafla, na mnunuzi hana maelezo?

Mara nyingi hata yeye hajui, kwa sababu kilichotokea kimetokea mbali. PET mpya inatokana na mafuta, hivyo mafuta yakishuka, PET mpya inashuka, na iliyorejelezwa lazima iifuate au ikose mnunuzi. Aprili 2020, wakati wa korona, bei ya mafuta ya Marekani ilishuka hadi chini ya sifuri kwa siku moja. Duniani kote plastiki mpya ikawa rahisi kuliko ya kurejelezwa, na waliobeba maumivu ni watu wa chini kabisa ya mnyororo, waliokuwa wakifanya kazi ileile, kwa jua lilelile.

Mfano mwingine ni China. Kwa miaka mingi ilikuwa ikinunua plastiki chakavu kutoka nchi nyingi. Mwaka 2017 ilitangaza kuzuia aina 24 za taka kuingia nchini, na amri ikaanza kazi mwanzoni mwa 2018. Mizigo ikakwama, bei zikaporomoka. Nchi yenye kiwanda chake cha kusaga na kuosha ndani haitikiswi sana na uamuzi wa bandari ya ugenini. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niunge mkono viwanda vya ndani hata vidogo.

Mbona mifuko ya plastiki haikupata bei kama chupa?

Mfuko mwembamba una uzito wa gramu chache, hunasa tope na mabaki ya chakula, na hupeperuka. Ingehitajika kuokota mamia kupata kilo, na kilo hiyo ni chafu. Hakuna aliyeuokota, ukaziba mitaro na kuingia matumboni mwa ng'ombe. Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006. Chupa ziliachwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba tayari zilikuwa na wanunuzi.

Chupa si ina thamani hata kabla ya kwenda kiwandani?

Ndiyo, na pengine hiyo ni thamani ya kale zaidi kwetu. Ingia soko lolote uone: karanga, asali, mafuta ya nazi, ubuyu, maziwa mgando, sabuni ya maji, vyote vimo kwenye chupa zilizokuwa za maji. Muuza mafuta ya kupikia anapima kwa chupa ya nusu lita kama kipimo rasmi. Madumu ya lita 20 yaliyokuja na mafuta huuzwa tena na tena kwa ajili ya maji mpaka yapasuke, na hata yakipasuka huwa bustani ya mchicha.

Kuna matumizi mengine yanayostahili kujulikana zaidi. Chupa angavu ya PET isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji yasiyo na matope na kulazwa kwenye jua kali kwa saa sita, miale ya jua huua vijidudu vingi vya kuhara. Siku ya mawingu mengi, iachwe siku mbili. Haiondoi kemikali, lakini kwa nyumba isiyo na kuni wala gesi ya kuchemshia ni msaada wa kweli.

Tahadhari moja nzito: chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu isirudi kwenye chakula hata ikioshwa mara kumi. Plastiki hunyonya.

Amana, yaani pesa ya chupa unayorudishiwa, inasaidia?

Inasaidia kuliko njia yoyote ninayoifahamu. Tangu 2003 Ujerumani hutoza senti 25 za yuro kwenye kila chupa ya kutupwa, na mteja hurudishiwa akiirudisha dukani. Plastiki iliyomo ndani ya chupa hiyo ina thamani ya senti chache tu, zilizobaki ni thamani iliyowekwa na sheria. Zaidi ya chupa tisini katika kila mia hurudi. Norway nayo ina mfumo wa namna hiyo tangu 1999.

Na tusiseme ni jambo la Wazungu. Mtu yeyote aliyelelewa Afrika Mashariki anajua kwamba soda ya chupa ya kioo hunywewa palepale dukani, au unaacha pesa ya chupa, au unakwenda na kreti tupu. Mtoto aliyetumwa soda alikuwa akibeba chupa kama anavyobeba pesa. Huwezi kuona chupa hizo zimezagaa mtaroni. Mfumo tulikuwa nao, tumeuacha ulipokuja ulaini wa plastiki.

Kampuni zinazouza vinywaji zinachangia nini?

Inategemea nchi. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Hilo likitekelezwa vizuri, ada inayolipwa na mzalishaji inaweza kumlinda mwokota siku mafuta yanaposhuka bei. Likitekelezwa vibaya, ada itaishia kwenye semina.

Waokotaji wanaweza kulipwa kwa huduma, si kwa kilo tu?

Wanaweza, na imefanyika. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, waokotaji walipambana mahakamani kwa miaka mingi, na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2011 jiji lilianza kuwalipa mwaka 2013 kwa kazi ya kuondoa taka mitaani, mbali na wanachopata kwa kuuza. Kiongozi wao, Nohra Padilla, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka huohuo. Hoja yao ni rahisi na naiona ya haki: kila kilo wanayookota ni kilo ambayo jiji halikulipia gari kuibeba wala ardhi kuizika. Manispaa zetu huokolewa gharama hizo kila siku bila kutoa hata glavu.

Matofali na majahazi ya plastiki je?

Mhandisi Nzambi Matee wa Nairobi anatengeneza vigae vya kutandaza njia kwa plastiki na mchanga, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtunuku kama kijana bingwa wa mazingira. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa tani kumi hivi za plastiki iliyookotwa, likapambwa kwa ndala chakavu elfu thelathini, na Januari 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Kazi hizi hutumia zaidi plastiki nyingine ambazo hazina soko kama PET, na ndiyo faida yake: zinazipa kazi zilizoachwa nyuma.

Basi tukirejeleza zote tatizo limekwisha?

Hapana. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizowahi kuzalishwa duniani hadi 2015, ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Na chupa iliyogeuzwa kuwa pamba ya mto kwa kawaida hairejelezwi mara ya pili.

Nataka kuanza kununua mtaani kwangu. Nianze vipi?

Tafuta mnunuzi wa juu kwanza, kabla ya kununua hata kilo moja. Mwulize anachukua rangi zipi, kuanzia tani ngapi, lebo zitolewe au la, na analipa baada ya siku ngapi, maana wewe utalipa papo hapo na yeye atakulipa baadaye, na mtaji mwingi hufia katika pengo hilo. Pata eneo lenye paa au turubai, kwani mzigo uliolowa huleta ugomvi. Uliza serikali ya mtaa na manispaa kuhusu vibali, na weka moto mbali kabisa na marobota, maana yakishika kuyazima ni shida.

Tenga tangu siku ya kwanza: angavu, bluu, kijani, vizibo peke yake. Nunua mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, uiweke mahali ambapo anayeuza anauona usomaji wake mwenyewe, na umwandikie kilo zake kwenye daftari. Waokotaji huambiana, na mzigo wa mtaa mzima utahamia kwako ndani ya wiki chache.